Sarafu Uliyovaa Kitovuni

Mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi, na kama kawaida yako ya siku hizi uliniitikia huku ukitazama ukuta. Basi nisizirudie. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako kule kwa kinyozi, begi lako liko mlangoni limeshafungwa, na mimi nimekaa kwenye cherehani, nimesukuma vitambaa pembeni nipate pa kuwekea karatasi. Kuna gauni la watu nilipaswa kulimaliza leo. Litangoja.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuchagua marafiki. Shangazi yako amekuhubiria hayo tangu viza ilipotoka, na nilikuona unavyopiga miayo kwa adabu. Huko Dubai watu wanakula na kulala, na wewe utakula na kulala. Ninaandika kwa sababu ya lile swali lako. Uliniuliza mara moja tu, na tangu siku hiyo nikikuita Hassani huitiki. Unakuja, unafanya nilichokutuma, mtoto mwenye heshima zake, lakini ile "naam, mama" yako sijaisikia tena na nyumba imekuwa kubwa.

Swali lenyewe naliandika hapa usije ukasema nimelikwepa. Ulisema: "Mama, niambie kabla sijapanda ndege. Pale makaburini mlimzika nani, Huseini au Hassani?"

Mwanangu, sijui. Ningeweza kuishia hapa nikafunga barua, maana jibu ndilo hilo. Lakini nitakueleza nimefikaje kwenye kutojua huku, kwa sababu ana kwa ana siwezi. Nikianza tu kusema unaniangalia kwa yale macho, na mimi nalia, halafu unanihurumia, halafu nakasirika kwa kuhurumiwa. Umeshatuona tulivyo.

Ile sarafu ilikuwa ya babu yako, baba yangu mimi. Faranga ishirini za zamani, za shaba ya njano, zile zilizokuwa zikitembea kabla ya hizi za sasa. Ilikuwa na pengo ukingoni, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Alirudishiwa kama chenji bila kuangalia, na tangu hapo hakuna duka la Nyamirambo, mtaa wetu huu wa Kigali, lililokubali kuipokea. Kila alipoipeleka walimrudishia, na baba, mtu wa kupenda ubishi, akawa anaipeleka makusudi. Anaiweka juu ya meza ya duka, anauliza, "Kwani imekosa nini?" na kicheko kinaanza. Mwisho akanipa mimi nichezee.

Nililala na sarafu ile mkononi utoto wangu wote. Kidole gumba nakiweka kwenye pengo, na kidole cha shahada nakiweka upande wa pili, mkabala na pengo, ambapo ukingo ulikuwa umelala kabisa na herufi zimefifia. Pale palikuwa laini, hupasikii. Nilidhani nimepasugua mimi mwenyewe kwa kushikashika. Kumbuka hapo palipo laini, maana ndipo matatizo yetu yote yalipo. Mwaka ule wa vita tulipokimbia nilikuwa nayo kwenye pindo la kanga, na tuliporudi nilikuwa nayo vilevile. Babu yako hakurudi.

Halafu mkaja nyinyi. Mkunga alimtoa wa kwanza, akaniambia bado kuna mwingine, nikamwambia aache utani. Wa kwanza tukamwita Hassani na wa pili Huseini, kama ilivyo kwetu. Majirani wa Kinyarwanda wakawaita Gakuru na Gato, mkubwa na mdogo, na mpaka leo nusu ya mtaa inakuita Gakuru. Na mlifanana, Mungu wangu. Baba yako alikuwa anakaa kati yenu anashika kichwa, anasema alinunua kimoja akapewa viwili.

Vitovu vyenu vyote viwili vilitokeza. Dawa yake unaijua, umeiona kwa watoto wa majirani: sarafu safi ndani ya kitambaa laini, inakandamizwa kitovuni, inafungwa kwa utepe tumboni mpaka kitovu kirudi ndani. Manesi wa sasa wakiona wanagomba. Wagombe tu. Mimi nikamfunga Hassani ile yenye pengo, na Huseini nikamfunga faranga ishirini nyingine, nzima. Nikajiona mjanja kupita wanawake wote wa Kigali. Umeme ukikatika, mtoto akilia, napitisha mkono chini ya utepe, nagusa, najua nimemshika nani. Kila aliyekuja kuwaona nilimwonyesha ujanja wangu.

Kosa langu liko hapo hapo kwenye ujanja. Mama mwingine wa mapacha anawakodolea macho wanawe mpaka aone huyu ana kidoti nyuma ya sikio, huyu unyusi umepinda. Mimi sikuwatazama hivyo. Sikuona haja, nilikuwa na sarafu. Leo ukiniambia nitaje kitu kimoja, kimoja tu, alichokuwa nacho Huseini mwilini na Hassani hana, siwezi. Mtu anawezaje kuzaa watoto na asiwaangalie? Najiuliza hivyo nikiwa nashona na napoteza mshono.

Arobaini yenu haijaisha nikashikwa na homa. Walinitoa nyumbani kunipeleka hospitali sijitambui. Baba yako alikuwa njiani na lori. Bibi yako, mama yake, akawachukua wote wawili kwake Gitega, hapa hapa mjini, kwenye kile chumba kimoja, akawa anawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mkaharisha, mkashikwa na homa wote pamoja. Akawakimbiza kwenye zahanati ndogo iliyokuwapo karibu na kwake, siku hizi haipo. Wakawavua kila kitu, nguo, nepi na utepe, wakawaosha kwa maji ya baridi kushusha joto. Mmoja akafa hapo. Akazikwa siku ileile kama desturi yetu ilivyo, na walioshika jeneza lile dogo walikuwa majirani wa bibi yako ambao hawakuwahi kuwajua kwa majina. Baba yako alifika kaburi limeshafukiwa. Mimi waliniambia nilipoweza kusimama.

Siku niliyoruhusiwa kutoka nilikwenda moja kwa moja Gitega. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mmoja mapajani. Watu wamejaa, hakuna anayetaja jina. Nilidhani wananihurumia. Nikakaa, nikakupokea, nikapitisha mkono chini ya utepe, nikagusa pengo. Nikasema, "Huseini ameenda." Mimi ndiye niliyesema, mwanangu. Kabla yangu hakuna aliyesema. Wanawake wakaanza kulia upya, kama waliokuwa wanangoja waambiwe wamlilie nani. Bibi yako alinitazama, akaniambia, "Ihangane," yaani vumilia, halafu akainuka kwenda kuchemsha maziwa.

Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyeweka kile kibao makaburini. Aliandika nilichosema mimi.

Sasa tuje kwenye haya macho yako. Ulipopata kazi kwenye duka la vitu vya kale kule mjini, la vinyago na hela za zamani wanazouziwa wageni, nilifikiri ni kazi ya kupitia tu. Kumbe ndiyo kwanza umepata ulichokuwa unakitafuta. Ukaanza kunijia na masarafu ya Wabelgiji, ya Wajerumani, ya Burundi, unayapanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Uliwahi kuloweka moja kwenye siki ndani ya sufuria yangu ya wali, nikakupigia kelele, na baadaye wewe ndiye ukawa unapigia kelele wengine kwamba sarafu haisafishwi, ikisafishwa imeharibika.

Nilipenda kukusikiliza, ingawa nilijifanya nimechoka. Ulinifundisha kwamba mbele ya alama yoyote swali ni moja: ilitokea lini? Kabla kile kiduara cha chuma hakijagongwa, wakati kinagongwa, au baada ya kutoka kiwandani kikaingia mikononi mwa watu? Mstari ulioinuka juu ya sarafu, ulisema, ni ufa wa muhuri, kile chuma kinachogonga picha kwenye sarafu. Muhuri ulipasuka, chuma kikajaa ndani ya ufa. Mkwaruzo wa mtaani unachimba, hauinui kitu. Iliyopita motoni inavimba mapovu na kupata rangi za ajabu. Iliyopigwa nyundo inalala. Watu wanazitumia kufungulia skrubu, kukwangulia vocha za simu, kukazia miguu ya meza, halafu wanakuja dukani wakidhani wameokota utajiri.

Nakumbuka yule mzee uliyenisimulia, aliyekuja na sarafu yenye picha ya kichwa iliyozama kinyumenyume. Alikuwa amehakikishiwa na wajukuu zake kwamba haipatikani duniani. Wewe ukaona mara moja kwamba mtu alizibana sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa la fundi. Hukumwambia hapo hapo. Ulimpa kiti kwanza, ukamletea maji, ndipo ukamwambia. Nilijivunia sana hilo la maji kuliko hata ujuzi wako.

Kwa hiyo mkataba wako wa Dubai ulipokuja, na umeajiriwa kwa sababu ya macho hayo hayo, mimi nikasema mwanangu haondoki mikono mitupu. Nikafungua sanduku, nikatoa ile sarafu kwenye kile kitambaa. Nilikuwa sijaigusa miaka. Nikakupa kwa mikono miwili, nikakwambia hii ulivaa kitovuni, ilikuwa ya babu yako, ina pengo la kiwandani, sasa itazame kwa hiyo lenzi yako uniambie mama yako hajui mambo.

Ukaitazama. Ukaigeuza, ukaitazama tena. Halafu ukainuka, ukaenda jikoni, ukaniletea maji. Sikuwa na kiu.

"Mama," ukasema, "hili pengo halikutoka kiwandani. Limekatwa."

Nikakwambia wewe na lenzi yako mwende zenu. Ukanivumilia. Ukaniwekea lenzi jichoni, ukanieleza kama ulivyomweleza yule mzee. Kiduara kikiwa na pengo kabla ya kugongwa, basi muhuri ukishuka, upande ulio mkabala na pengo unakosa chuma cha kutosha, ukingo hausimami, herufi zinafifia. Kila pengo la kweli linaacha mwenzake upande wa pili. Na hii ya kwetu, mkabala na pengo, ukingo umesimama wima na herufi zake ni kali. Ndani ya pengo ukanionyesha mistari myembamba imelala upande mmoja, tupa ya kunolea imepita pale, na juu ya mistari kuna weusi wa miaka. Imekatwa zamani, ulisema, lakini imekatwa.

Nikakunyang'anya. Nikaishika kama nilivyokuwa nikiishika utotoni, kidole gumba kwenye pengo, cha shahada upande wa pili. Kidole kikagonga ukingo. Hapakuwa laini. Wewe ukauliza taratibu kama ya babu ilikuwa hivi hivi. Ningesema ndiyo, mwanangu, ungeondoka kesho ukiwa Hassani, na mimi ningebaki na siri yangu na cherehani yangu. Nikasema hapana. Mpaka leo sijui kama nimekutendea haki au nimekuumiza bure.

Tangu hapo nawaza kile nilichokigusa siku ile Gitega. Inawezekana kidole changu kilijua tangu wakati ule, nikakinyamazisha kwa sababu nilitaka mtoto mmoja awe amepona na awe na jina. Nilikuwa nimetoka kitandani, vidole vyenyewe vilikuwa vimekufa ganzi. Sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilipogusa pengo nilifurahi, na miaka yote hii bado naona aibu kwamba nilifurahi kidogo, maana walau nilijua nimebakiwa na nani.

Wewe ndiye uliyefika kwanza kwenye maana yake, kwa kuwa una akili ya haraka. Hii si sarafu ya babu. Mtu alichukua faranga ishirini nyingine akaitia pengo ili mimi nikirudi niguse na niridhike. Na mtu huyo ni mmoja tu.

Tulikwenda wote Gitega. Bibi yako siku hizi hata jua likizama anauliza limekwenda wapi. Alikuita kwa jina la baba yako, akakusifu lori lako. Nikampa sarafu, nikamuuliza, mama, hii uliikata wewe? Akaigeuza, akacheka, akasema hii iko mbovu, hainunui kitu. Ukapiga magoti mbele yake, ukamuuliza kwa Kinyarwanda, polepole, yule mtoto aliyekufa alikuwa yupi. Akakushika uso kwa mikono miwili. Nami nikaona, haki ya Mungu, kwamba kwa dakika hiyo alikuwa amerudi. Akajibu kwa kile Kiswahili chake anachoongea kwa ajili yangu tu.

"Wote iko analia," akasema. "Mimi iko na mikono miwili tu."

Halafu akaanza kulia, akauliza kama watoto wameshakula. Tukamwambia wamekula. Tukashuka mpaka barabarani, ukanipandisha pikipiki, wewe ukarudi kwa miguu.

Nimelipima jambo hili kila upande. Inawezekana kule zahanati walipowavua, ile ya babu iliangukia kwenye maji machafu ikatupwa. Bibi yako alijua vizuri kwamba aliyebaki ni Hassani, ila alijua pia kwamba mimi nitapitisha mkono nikitafuta pengo, na nisipolikuta nitapagawa. Akatengeneza jingine. Kama ni hivyo, wewe ni Hassani na hakuna kilichobadilika ila kipande cha shaba.

Inawezekana pia ya babu ilipotea, ikabaki ile nzima tu, na ile nzima ilikuwa ya Huseini. Akamtazama mtoto aliyebaki, asijue tena ni yupi, maana hata yeye alikuwa anategemea sarafu zangu. Au akajua ni Huseini, na kwa sababu asizoweza tena kutuambia akaona heri nimpate mkubwa. Akachukua sarafu ile ile uliyokuwa umevaa, akaitia tupa. Kama ni hivyo, wewe ni Huseini, na kwa miaka yote hii nimekuita kwa jina la mwenzako na kumwombea mwenzako kwa jina lako.

Rafiki yako yule aliyesoma mambo ya maabara alisema kuna vipimo vya damu. Vipimo vitasema wewe ni mwanangu, hilo nalijua. Mapacha wa namna yenu hata damu ni moja. Hakuna wa kumuuliza na hakuna pa kwenda. Nimezoea kwamba nguo ikinishinda naifumua naanza upya, na hii haifumuki.

Kuna siku mbili tatu nilimchukia bibi yako. Nilipika chakula chake kwa hasira, nikampelekea kwa hasira, nikamlisha. Halafu nikajikuta namfikiria alivyokuwa siku zile. Mtoto mmoja ametoka kumzika, mwingine anahara mgongoni, mkwe wake yuko mahututi, mwanawe hajulikani yuko barabara gani. Katikati ya hayo akatoka kwenda kuazima tupa. Kwa nani? Alimwambia anataka kufanyia nini? Alikaa wapi akiikata, na wewe ulikuwa umelala au unalia? Namwona anapuliza vumbi la shaba, anapima pengo kwa kidole, akijaribu kukumbuka la babu yako lilikuwa na ukubwa gani. Alilipata sawasawa, maskini. Upande wa pili hakuujua, hata mimi sikuwahi kumwambia mtu kuhusu upande wa pili.

Nakutazama ukila. Unadhani sijui kwamba unaniona, najua. Natafuta. Mmoja wenu alikuwa akinyonya ananishika kidole. Nadhani alikuwa Huseini. Mwingine alikuwa na kwikwi kila akishiba. Juzi ulipata kwikwi baada ya chai, nikasema Hassani! Halafu nikakumbuka kwamba dunia nzima inapata kwikwi. Nikijaribu kukumbuka nyuso mbili unanijia uso mmoja, na ni huu huu wako wa sasa wenye ndevu ambazo hutaki kunyoa.

Ninaogopa, mwanangu. Nasema wazi kwa kuwa kwenye karatasi huwezi kuniletea maji. Naogopa utaondoka kesho ukiwa umenikasirikia, na naogopa zaidi kwamba hujanikasirikia, ila umekuwa mgeni kwangu. Uliniambia, nikikuita hilo jina unahisi namwita mtu aliye nyuma yako. Na mimi, nikuambie ukweli, siku hizi nikiliita natazama nyuma yako pia.

Ijumaa iliyopita nilikwenda makaburini kama kawaida yangu. Huwa nafika, nasafisha majani, namtaja, namwombea, naondoka. Nilifika, nikasafisha majani. Nikafungua mdomo na jina halikutoka. Nilikaa chini kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu na hajui amuulizie nani. Mlinzi alidhani naumwa, akaniuliza kama aniitie mtu. Nikamwambia napumzika. Nilipoinuka nilisema tu, "Ni mimi," nikarudi nyumbani.

Ulitaka nikujibu kabla hujapanda ndege, na umeona mwenyewe hali yangu. Siwezi kukuchagulia. Nilikwisha kuchagua mara moja, kwa kidole, mbele ya watu, na hayo ndiyo matokeo yake. Pasi yako ya kusafiria inasema Hassani. Itumie uvukie nayo, wale wa mpakani hawana haja na habari zetu.

Ila huko hakuna Gakuru, hakuna anayekujua tangu ukiwa mgongoni. Utakaa, utafanya kazi, utafikiri. Jaribu majina yote mawili ukiwa peke yako, uone lipi linakaa. Wewe umejua kutazama, mimi sikujua. Siku ukiamua nipigie simu. Ukiwa Hassani, niambie. Ukiwa Huseini, niambie vilevile, usinionee huruma hata kidogo, nitaanza kukuita hivyo siku hiyo hiyo na mtaa wote utanifuata, wapende wasipende.

Halafu nitachukua pikipiki niende makaburini nikamwambie mwenzako jina lake. Usikawie sana, baba. Na yeye anangoja.

Mama yenu